Hakuna Kipimajoto cha Nchi: Jinsi ya Kupima Afya ya Watu Wengi kwa Pamoja

Mtu mmoja akiugua tunajua la kufanya. Anapelekwa zahanati, anawekewa kipimajoto kwapani, anatobolewa kidole, damu inaangaliwa, muuguzi anaandika. Sasa niambie: kijiji kizima kinapimwaje? Na wilaya je? Na nchi yenye watu zaidi ya milioni 60? Hakuna kipimajoto cha kuweka kwapani mwa Tanzania.

Ukikaa Hedaru hata siku mbili utausikia ubishi huu. Vijana wa bondeni, walio kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi, watakuambia wao ndio wenye afya kwa sababu mgonjwa akizidiwa gari halikosi. Wale wanaotoka vijiji vya juu milimani watacheka. Kwao kuna baridi, mbu ni wachache, maji ya chemchemi yapo na shamba halikauki kama la tambarare. Nani mkweli? Ubishi wa namna hii haumalizwi kwa kelele. Unamalizwa kwa kipimo. Na kipimo cha afya ya umma kina ujanja wake, na pia mitego yake.

KUHESABU PEKE YAKE HAKUTOSHI

Hebu tufanye mfano wa kubuni. Tuseme mwaka jana katika kata ya bondeni walifariki watoto wachanga 30, na katika kata ya mlimani wakafariki 12. Haraka haraka utasema mlimani ni salama zaidi. Subiri kwanza! Uliza: kati ya wangapi?

Tuseme bondeni walizaliwa watoto 600 na mlimani 150. Chukua 30 ugawe kwa 600, kisha zidisha kwa 1,000. Unapata 50. Yaani kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai bondeni, 50 hawafikishi mwaka mmoja. Fanya hivyo hivyo kwa mlimani: 12 gawa kwa 150, zidisha kwa 1,000. Unapata 80. Kumbe mlimani ndiko hatari ilikuwa kubwa zaidi, ingawa makaburi mapya yalikuwa machache!

Hicho ndicho kiwango cha vifo vya watoto wachanga, na wataalamu wanakipenda sana. Sababu yenyewe ni kwamba mtoto mchanga ni kama taa ya hatari. Maji yakiwa machafu, ataumia yeye kwanza. Mama akikosa chakula, chanjo zikikosekana, mkunga akiwa mbali, barabara ikikatika wakati wa mvua, yote hayo utayaona kwake kabla hujayaona kwa mtu mzima.

Sasa mtego. Umezipata wapi zile namba za juu na za chini? Mama wa mlimani akishikwa na uchungu mgumu, si anateremshwa bondeni kwenye kituo kikubwa? Akijifungulia huko na mtoto akafariki, kifo kinaandikwa kwenye daftari la bondeni, wakati mimba ilikuwa ya mlimani. Hivyo kituo kizuri kinachopokea wagonjwa mahututi kutoka kila upande kinaweza kuonekana kibaya kuliko zahanati ambayo haipokei mtu. Ukisikia mtu anasema "hospitali ile watu wanakufa sana", muulize swali lile lile: kati ya wangapi, na walifika wakiwa katika hali gani?

"WASTANI NI MIAKA 50": HIVI BABU YANGU ALIPATAJE 80?

Kwa mujibu wa sensa, wastani wa umri wa kuishi Tanzania ulikuwa miaka 42 mwaka 1967, ukawa 44 mwaka 1978, ukapanda hadi 50 mwaka 1988. Wanafunzi wengi wakisoma hivyo wanadhani kwamba mwaka 1988 mtu akifikisha 50 alikuwa anangojea jeneza. Lakini Upare umejaa wazee ambao mwaka huo walikuwa na miaka 75 na bado wanapanda mlima na mzigo wa kuni!

Chukua watu watano. Wawili walifariki wakiwa na mwaka mmoja. Wengine waliishi miaka 74, 84 na 90. Jumlisha: 250. Gawa kwa tano: 50. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefariki akiwa na miaka 50. Vifo vya utotoni ndivyo vinavyouvuta wastani chini. Ukimwokoa mtoto mmoja wa mwaka mmoja, unaupandisha wastani kuliko ukimwongezea mzee miaka miwili. (Sisemi mzee asitibiwe! Nasema hesabu inavyokwenda.)

Hebu sasa tazama jambo la kusikitisha. Kutoka 1978 hadi 1988 umri wa kuishi uliongezeka kwa miaka sita. Kutoka 1988 hadi sensa ya 2002 uliongezeka kutoka 50 hadi 51 tu. Miaka kumi na minne, nyongeza ya mwaka mmoja! Chanjo ziliendelea kutolewa wakati huo wote, watoto waliendelea kuokolewa. Nini kilitokea? UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia miaka ya 1990 ugonjwa ulikuwa unaua watu wazima wenye nguvu, wazazi na walimu. Faida iliyopatikana kwa watoto ikaliwa na hasara iliyopatikana kwa wazazi wao. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 na kuendelea, hesabu ikageuka. Sensa ya 2012 ilionyesha umri wa kuishi umefika miaka kama 62. Namba moja tu, lakini ndani yake mna msiba wa familia nyingi sana.

JAPANI WANAKUFA KULIKO SISI?

Hili swali mtege mwalimu wako wa hesabu. Mwaka 2022 Japani walifariki watu zaidi ya 1,500,000 katika nchi yenye watu kama milioni 125. Hiyo ni zaidi ya vifo 12 kwa kila watu 1,000. Tanzania katika miaka hii ni kama vifo 6 kwa kila watu 1,000. Basi tufunge mabegi? Tuwaambie Wajapani waje waishi Hedaru?

La hasha. Mjapani anategemewa kuishi miaka 84 hivi. Siri ni umri. Japani nusu ya watu wamepita miaka 48. Tanzania nusu ya watu hawajafikisha hata 20. Nchi iliyojaa wazee itakuwa na vifo vingi hata kama kila mmoja anatunzwa vizuri, na nchi iliyojaa vijana itakuwa na vifo vichache hata kama huduma ni dhaifu, kwa sababu vijana kwa kawaida hawafi ovyo.

Dawa yake ni kulinganisha rika kwa rika: watoto wa hapa na watoto wa kule, wenye miaka 40 wa hapa na wenye miaka 40 wa kule. Ukifanya hivyo, Japani inaonekana salama kwa kila rika. Na usidhani hili ni la mataifa ya mbali tu. Mkoa wa Kilimanjaro una wazee wengi kwa sehemu kuliko mikoa mingi ya Tanzania, kwa kuwa vijana wanaondoka kwenda kutafuta maisha Dar, Arusha na kwingineko. Ukilinganisha vifo vya Same na vya mtaa wa Dar uliojaa vijana bila kuangalia umri, utawaonea watu wa Same bure.

NANI ANAHESABU, NA NANI HAHESABIWI?

Namba hazioti porini. Zinatoka sehemu chache. Kuna sensa, kama ile ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Kuna madaftari ya zahanati na kadi za kliniki. Muombe mama akuonyeshe kadi yako kama bado ipo, uone uzito wako ulivyokuwa unapanda mwezi hadi mwezi. Kisha kuna utafiti wa nyumba kwa nyumba unaohoji akina mama kila baada ya miaka michache. Wa kwanza wa aina hiyo ulifanyika 1991 na 1992, wa karibuni zaidi ninaoutumia hapa ni wa 2022.

Shida kubwa ni vifo. Katika nchi nyingi tajiri hakuna anayezikwa bila cheti cha daktari kinachosema ameuawa na nini. Kwetu, kwa miaka mingi watu wengi wamefia nyumbani. Wanazikwa siku hiyo au kesho yake, arobaini inapita, na hakuna karatasi yoyote serikalini inayosema mtu huyu alikuwepo na amekufa kwa ugonjwa gani. Daktari wa wilaya akikaa kupanga bajeti anaangalia madaftari ya hospitali. Lakini madaftari ya hospitali yanawajua waliofika hospitali tu!

Ndiyo maana mwaka 1992 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianzisha mradi wa kufuatilia vifo katika sehemu tatu: baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, Morogoro Vijijini, na wilaya ya Hai, majirani zetu katika mkoa huu huu wa Kilimanjaro. Watu wa eneo husika waliandika kila kifo kilichotokea. Baada ya muda wa kuomboleza, mhojaji alikwenda kwa wafiwa na kuwauliza taratibu: Alianza kuumwa lini? Alikuwa na homa? Alikohoa kwa muda gani? Alikonda? Alikuwa mjamzito? Majibu yakapelekwa kwa madaktari, wakayasoma na kukisia sababu ya kifo.

Kazi hiyo si lelemama. Fikiria kumuuliza mama kuhusu mwanawe aliyemzika juzi. Tena lugha ya ugonjwa ni ngumu. Mama anasema "degedege", wengine wanadhani ni shetani au ndege wa usiku, na daktari anayesoma fomu anajua kwamba mara nyingi hiyo ni malaria kali imepanda kichwani. Mhojaji mzuri ni yule anayeandika maneno ya mfiwa kama yalivyo bila kuyasahihisha. Kwa njia hiyo ilijulikana kwamba katika sehemu zote tatu UKIMWI ulikuwa unaongoza kuua watu wazima, wakati kwenye vijiji vingi ulikuwa unasemwa kwa kunong'ona tu.

Sasa sikiliza yaliyofuata Morogoro, kwa sababu hapa ndipo utaona namba ina meno.

Mwaka 1996 hivi wataalamu wa mradi mwingine, uliofadhiliwa kutoka Kanada na kufanya kazi na Wizara katika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji, walichukua majibu ya wale wafiwa. Hawakuhesabu vifo tu, walihesabu miaka ya uhai iliyopotea. Mtoto wa mwaka mmoja akifa anapoteza miaka mingi kuliko mzee wa 80. Kisha wakaweka hesabu hiyo kando ya bajeti ya afya ya wilaya. Wakakuta kwamba Morogoro malaria ilikuwa inakula asilimia 30 ya miaka yote ya uhai iliyopotea, lakini inapewa asilimia 5 tu ya fedha. Kundi la maradhi ya watoto, kama kichomi, kuhara, utapiamlo na surua, lilikuwa na asilimia 28 ya mzigo na asilimia 13 ya fedha. Kifua kikuu kilikuwa na chini ya asilimia 4 ya mzigo, na kilipewa asilimia 22!

Usielewe vibaya. Kifua kikuu ni hatari na kinaambukiza, ukikiacha kesho kitakuwa kikubwa. Kwa maoni yangu mizania haiwezi kuwa asilimia kwa asilimia kama kugawa keki. Lakini hakuna aliyekuwa amekaa akaamua kwamba malaria ipewe kidogo. Ilikuwa inapewa kidogo kwa sababu hakuna aliyekuwa ameipima.

Wilaya hizo mbili zikabadilisha mipango. Fedha za nyongeza hazikuwa nyingi, kama senti 80 za Kimarekani kwa kila mtu kwa mwaka. Zilikwenda kwenye vyandarua, kwenye kuwafundisha wahudumu kumwangalia mtoto mzima badala ya ugonjwa mmoja mmoja, na kwenye dawa zinazolingana na maradhi yaliyopo. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Wale mama wa Morogoro waliokubali kumjibu mhojaji huku wanafuta machozi ndio waliotoa namba za kwanza za kazi hiyo.

UPARE ULIWAHI KUPIMWA

Watu wengi wa Same hawajui kwamba nchi yao iko katika vitabu vya malaria vya dunia nzima. Babu na bibi zako huenda wanakumbuka.

Mwaka 1950 wataalamu walikutana Kampala na kubishana vikali. Je, inafaa kupuliza dawa ya mbu katika Afrika ambako watu wamezoea malaria tangu utoto na miili yao imejenga kinga? Wengine walisema anzeni mara moja, watoto wanakufa. Wengine, akiwemo Daktari Bagster Wilson, walisema tahadhari: mkiondoa malaria kwa miaka michache halafu mkaacha, watu watakuwa wamepoteza kinga, na ugonjwa ukirudi utawafyeka hata wakubwa.

Jaribio la kutafuta jibu lilifanyika hapa. Kuanzia 1954 hadi 1959, Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Amani kule Usambara chini ya huyo Daktari Wilson, iliendesha mpango wa Pare na Taveta, katika tambarare za Upare na ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya. Nyumba zilipulizwa ukutani dawa iitwayo dieldrini. Lakini kwetu leo kinachovutia zaidi ni vipimo. Walitoboa vidole na kutazama vijidudu kwenye damu. Waliwabonyeza watoto tumboni upande wa kushoto kuona kama bandama imevimba, maana malaria ya mara kwa mara huivimbisha. Walikamata mbu na kuwachunguza aina zao. Wakaandika nani kazaliwa na nani kafa. Angalia walivyofanya: hawakutegemea kipimo kimoja.

Matokeo? Aina moja ya mbu wa malaria ilitoweka karibu kabisa majumbani. Malaria ilipungua sana, ingawa haikwisha. Vifo vya watoto vikashuka. Kisha mwaka 1959 upulizaji ukasimamishwa.

Na hapo kukatokea fumbo. Malaria ilirudi polepole, vijidudu vikaonekana tena kwenye damu za watoto. Lakini ile hofu ya Kampala haikutimia. Watafiti waliofuatilia miaka ya 1960 waliona vifo havikupanda tena kufikia vilivyokuwa kabla ya mpango. Ajabu, sivyo? Ugonjwa umerudi, vifo havikurudi vyote.

Maelezo waliyoyatoa ni kwamba katika miaka hiyo hiyo dawa za malaria zilikuwa zimeanza kupatikana kwa urahisi zaidi, na watu walikuwa wamejifunza kuzitumia mapema. Ona mtego ulipo. Mtu anayetazama vifo peke yake angesema upulizaji ndio ulioleta yote. Anayetazama damu peke yake angesema mpango haukuacha faida yoyote. Wote wawili wangekosea, kwa sababu mambo mawili yalikuwa yanabadilika kwa wakati mmoja.

Liko na lile la haki. Watoto wa Upare walitobolewa vidole kwa miaka, na dieldrini ni sumu kali ambayo sasa imepigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001. Wapimaji wa siku zile hawakuulizana sana kama wanakijiji wameelewa na kukubali. Leo mtafiti haruhusiwi kukugusa kabla hujaelezwa na kukubali, na una haki ya kuuliza matokeo yatarudi lini kijijini.

Kuhusu ubishi wetu wa bonde na mlima: mwaka 2001 na 2002 watafiti walipima damu katika vijiji vya miinuko mbalimbali ya Upare Kusini, Usambara Magharibi na Kilimanjaro. Kadiri unavyopanda, malaria inapungua, kwa sababu baridi inachelewesha kijidudu kukua ndani ya mbu. Kwa hiyo upande wa malaria, vijana wa juu wameshinda. Kwa upande wa kumfikisha mama mjamzito kwa daktari usiku wa mvua, sidhani kama watataka kuendelea na ubishi.

AKINA MAMA: NAMBA INAYOBISHANIWA

Vifo vya watoto chini ya miaka mitano Tanzania vimeshuka kwa mstari ulio wazi: 147 kwa kila 1,000 katika utafiti wa 1999, kisha 112, 81, 67, na 43 mwaka 2022. Hapo hakuna ubishi mkubwa. Kwa vifo vitokanavyo na uzazi mambo si rahisi. Kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, utafiti wa 2010 ulipata vifo vya akina mama 454. Ule wa 2015 na 2016 ukapata 556. Magazeti yakaandika kwamba hali imezidi kuwa mbaya. Halafu utafiti wa 2022 ukapata 104!

Inakuwaje? Kifo cha mama ni msiba mkubwa lakini kwa hesabu hakitokei kila nyumba. Utafiti unauliza watu kuhusu dada zao wa tumbo moja: wako hai? Kama alifariki, alikuwa mjamzito au ametoka kujifungua? Kwa kuwa unapata vifo vichache, namba ya mwisho ina mtikisiko. Ile 454 ilimaanisha popote kati ya 353 na 556. Ile 556 ilimaanisha popote kati ya 446 na 666. Umeona? Zinapandana. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwamba vifo vilipanda. Na ile 104 ukiiweka kando ya makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020, ambayo ni 238, vipimo viwili vinakupa homa mbili tofauti kwa mgonjwa mmoja. Mimi naamini vifo vimepungua kweli, maana akina mama wengi zaidi wanajifungulia vituoni kuliko zamani. Lakini kiongozi akisimama jukwaani na namba moja tu, una haki ya kuuliza imepatikanaje.

LIGI YA AFYA DUNIANI

Kila mtu anapenda msimamo wa ligi. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilipanga mifumo ya afya ya nchi 191. Ufaransa ikashika namba 1, Oman ikawa ya 8, Marekani yenye fedha zote zile ikawa ya 37. Kenya ilikuwa ya 140, Uganda ya 149, Tanzania ya 156. Sierra Leone, iliyokuwa vitani, ikawa ya mwisho.

Kelele zilizofuata usiulize! Walichanganya mambo mengi kwenye chungu kimoja: afya yenyewe, jinsi inavyogawanywa kati ya maskini na tajiri, jinsi wagonjwa wanavyohudumiwa kwa heshima, na kama gharama zinambana mnyonge. Ukiongeza chumvi kwenye moja, nchi zinapishana. Tena kwa nchi nyingi takwimu zilikuwa za kukadiria. Shirika halikurudia msimamo ule tena. Lakini Oman inafaa kufikiriwa. Mwaka 1970 ilikuwa na hospitali za kuhesabu kwa vidole, na kabla ya miaka thelathini kupita ikawa imepita nchi nyingi tajiri. Mafuta yalisaidia, ndiyo. Ila zipo nchi nyingine zenye mafuta zilizobaki nyuma yake.

Na wastani wa nchi unaficha mengi. Utafiti wa 2022 ulikuta malaria kwa asilimia 8 ya watoto wadogo Tanzania. Lakini Tabora ilikuwa kama asilimia 23, na Kilimanjaro chini ya asilimia 1. Ile asilimia 8 haikueleza mtoto wa Tabora wala mtoto wa Same.

ZOEZI

Fanya na wenzako darasani. Mfano ni wa kubuni.

Katika kata moja, mwaka wa kwanza daftari la zahanati lilionyesha watoto 200 waliozaliwa hai, na 10 kati yao wakafariki kabla ya mwaka mmoja. Mwaka wa pili mtendaji wa kata aliwaomba wakunga wa jadi na wenyeviti wa vitongoji nao walete taarifa zao. Mwaka huo zikaandikwa jumla ya 250 waliozaliwa hai, na 20 waliofariki.

(a) Tafuta kiwango cha vifo vya watoto wachanga kwa kila mwaka.
(b) Diwani anataka kumfukuza mganga wa zahanati kwa sababu kiwango kimepanda. Utamwambia nini?
(c) Taja vitu viwili ambavyo ungetaka kuvijua kabla ya kumjibu.

Majibu: (a) Mwaka wa kwanza 50, mwaka wa pili 80, kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. (b) Huwezi kusema hali imekuwa mbaya, kwa sababu namna ya kuhesabu imebadilika. Huenda watoto waliozaliwa na kufia nyumbani walikuwepo tangu mwaka wa kwanza, ila hawakuandikwa. (c) Jibu lolote lenye sababu ni sawa. Kwa mfano: je, mwaka wa pili kulikuwa na mlipuko wa surua au ukame? Na ukiwatenga waliozaliwa zahanati peke yao kwa miaka yote miwili, kiwango chao kimepanda au kimeshuka?